Namba si namba tu: Sifuri ya Tabora inavyopotea kwenye kompyuta

MFANYABIASHARA wa karne ya 19 aliyefika Tabora na msafara kutoka pwani hakuweza kutaja hesabu peke yake. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, takriban kilo 16, na nguo kwa mkono, shuka na doti. Doti moja ilikuwa mikono minane. Aliyesema "nane" bila kueleza nane ya nini alijitafutia hasara.

Kanuni hiyo ndiyo inayotawala fomula za majedwali ya kompyuta yanayotumika maofisini. Kila thamani inayoandikwa ndani ya fomula ina aina yake, na kompyuta huitambua aina hiyo kwa jinsi ilivyoandikwa.

Namba huandikwa tupu, kama 8. Maandishi hufungwa kwa alama za nukuu, kama "Tabora". Kweli na si kweli huandikwa TRUE na FALSE bila nukuu. Zikitiwa nukuu huwa maandishi ya kawaida.

Tofauti hiyo si ndogo. Namba 8 na 2 zikijumlishwa hutoa 10, lakini "8" na "2" zikiunganishwa kama maandishi hutoa 82. Aidha, maandishi yakipangwa, "10" hutangulia "9", kwa kuwa kinachotazamwa kwanza ni herufi ya mwanzo.

Tarehe nayo ina mtego wake. Anayeandika 9/12/1961 ndani ya fomula hapati siku ya Uhuru wa Tanganyika, bali tisa kugawanya kwa 12, kisha kwa 1961. Njia sahihi ni DATE(1961,12,9).

Madhara makubwa zaidi huonekana kwenye orodha za simu. Msimbo wa simu za mezani wa Tabora ni 026. Ukiingizwa kama namba, kompyuta huhifadhi 26, kwani kihesabu sifuri ya mbele haina thamani. Namba za simu za mkononi hupatwa na hayo hayo, na mgonjwa anayesubiri kuitwa kuchukua majibu huenda asipigiwe kamwe.

Dawa yake ni rahisi: safu ya namba za simu ipangwe kuwa ya maandishi kabla ya kuanza kuijaza. Kisichokusudiwa kujumlishwa kisiandikwe kama namba.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Leo mali yaweza kupotea daftari likiwa wazi mezani.