Fahamu: Windows 10 imeachwa, mashine za Butembo na Beni zifanyeje?

Tangu 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kuihudumia Windows 10 kama kawaida. Mtumiaji binafsi anayejiandikisha anaongezewa viraka vya usalama hadi Oktoba 2026, basi.

Windows 11 inadai kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kompyuta ya mtumba ya 2015 haipiti hapo.

Mbadala wa bure ni Linux. Kati ya matoleo yake, Mint ndiyo isiyotisha: menyu chini kushoto, saa kulia, kama Windows. Ubuntu, iliyoanzishwa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, hupanga programu wima ubavuni. Karani aliyezoea Windows atahangaika kidogo.

Linalosumbua zaidi, kwangu, ni klavia. Mkono umezoea AZERTY ya Kifaransa, mashine imekuja na QWERTY. Mpangilio ukikosewa, unafuata herufi za vitufe kuandika "barua", kioo kinaonyesha "bqruq".

Kwa kazi za ofisi kwenye Linux kuna LibreOffice, nayo hufungua mafaili ya Word, ingawa jedwali huweza kuhama. Jaribu Linux kwanza kwa flashi, kabla hujafuta chochote.