Ukibadilisha boksi la fyuzi, anza na waya

Katika nyumba za zamani za Dar es Salaam, Tanga na Mombasa bado yapo maboksi ya fyuzi za waya: vishikio vya kaure au plastiki ya kahawia, kila kimoja kimebana uzi mwembamba wa shaba kati ya skrubu mbili. Fyuzi hizi zikitunzwa zinafanya kazi. Uzi wa ampea 5 una kipenyo cha milimita 0.2, wa ampea 30 una milimita 0.85, na ukiwekwa unaostahili utaungua mapema kuliko waya wa ukutani. Balaa huanza siku uzi unapoungua usiku, maduka yamefungwa, mtu akachuna waya wa redio, akasokota nyuzi zake kadhaa na kuzikaza pale. Taa zinawaka. Tangu saa hiyo, sehemu itakayoungua kwanza iko ndani ya ukuta au juu ya dari, ambako hakuna anayeiona.

Hiyo peke yake inatosha kunifanya niunge mkono meni swichi yenye breka. Breka haisokotewi waya. Ndani yake mna kipande cha metali mbili zilizoshikana, kinachojikunja polepole mzigo ukizidi, na koili inayokata papo hapo ikitokea shoti. Lakini wengi wanapobadilisha hununua kwa kuangalia vyombo walivyonavyo: jiko la umeme, pasi, hita ya kuogea, kwa hiyo breka kubwa kubwa. Hapo ndipo kosa linapoingia, na ni kosa la hatari.

Namba iliyo usoni mwa breka hufuata unene wa waya unaotoka humo. Kwa nyaya zilizopita kwenye bomba ukutani, waya wa taa wa milimita 1.5 za mraba hupewa breka ya ampea 6 au 10. Wa soketi wa 2.5 hupewa 20. Wa jiko wa 6 hupewa 32. Soketi zenye waya wa 2.5 hupewa 32 pale tu waya unapozunguka nyumba na kurudi kwenye boksi, yaani ringi, nayo haijakatika popote. Hita ya kuogea ya wati 5,500 inavuta karibu ampea 24. Ukiifunga kwenye waya wa soketi halafu, breka ya 20 ikikata mara kwa mara, ukaiondoa na kuweka ya 32, umerudia ule uzi wa redio kwa gharama kubwa zaidi. Hita hiyo inahitaji waya wake yenyewe kutoka kwenye boksi. Tazama pia herufi iliyotangulia namba. Breka ya B hukata shoti mkondo ukifika mara 3 hadi 5 ya namba yake, ya C mara 5 hadi 10. Nyumba iliyo mwisho wa laini, mbali na transfoma, inaweza isipate mkondo wa kutosha kuiangusha C haraka.

Sasa tuje kwenye ethi, ambayo kwangu ndiyo kiini cha kazi nzima. Katika nyumba zetu nyingi, ethi ni fimbo iliyochimbiwa nje, na udongo ndio njia ya kurudi hadi transfoma. Chukua fimbo yenye ukinzani wa omu 50, jambo la kawaida kwenye udongo uliokauka wakati wa kiangazi. Waya wa laivu ukigusa bodi ya friji, kwa volti 230 mkondo unaopita ardhini haufiki hata ampea 5. Breka ya 20 haina habari. Bodi ya friji inabaki na volti zaidi ya 200, mita ya LUKU inameza karibu uniti 1 kila saa, na mtoto anakuja peku kuchukua maji ya baridi.

Kinachomwokoa mtoto huyo ni kifaa ambacho mafundi hukiita RCD. Hulinganisha umeme unaokwenda kwa laivu na unaorudi kwa nyutro. Tofauti ikifika miliampea 30 hukata ndani ya sehemu ya 3 ya sekunde, na mvujo ukiwa mkubwa hukata haraka zaidi. Miaka ya 1950, mhandisi Henri Rubin wa Afrika Kusini alibuni kifaa cha aina hii kwa ajili ya migodi ya dhahabu. Hakikingi kila kitu: ukishika laivu kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, kinakuona kama taa.

Katika nyumba kongwe, RCD mpya mara nyingi hukata siku ileile. Huenda taa za sebuleni zimeazima nyutro ya chumbani, au pasi ya zamani inavujisha. Fundi asiye na subira huirukia kwa waya na kuondoka na pesa yake. Usikubali. Achomoe vyombo kimoja kimoja, kisha apime kila njia kwa mega ya volti 500, kipimo kinachoonyesha kama nyaya zinavujisha. Isomeke megaomu 1 au zaidi. Apime na fimbo ya ethi, akuandikie namba hizo zote. Kitufe chenye herufi T hukipima kifaa chenyewe tu, hakisemi lolote kuhusu fimbo.

Fundi awe na leseni, ya EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya. Hata meni swichi ikizimwa, waya unaotoka kwenye mita bado una moto, na lakiri ya mita ni ya shirika la umeme. Liombwe likate kwanza.

Kama pesa haitoshi kwa boksi zima, anza na fimbo ya ethi na RCD ya soketi na bafu. Fyuzi za taa zinaweza kusubiri miezi michache, mradi uzi uliomo ni ule wa 0.2.