Gari Lililotumika Lina Chuma cha Kuvutia Trela: Ulinunue au Uliache?

Shela si mji wa magari. Vichochoro ni vya watu na punda, na kwenda Lamu mjini ni boti au miguu, kama kilomita tatu kwa ufuoni. Hata hivyo mtu wa Shela hununua gari: la kuacha Mokowe kwa safari za Witu, Malindi na Mombasa, ama la kufanyia biashara huko bara.

Shida ni kwamba mara nyingi unalinunua bila kuliona. Gari liko Mombasa, zaidi ya kilomita 300 kwa barabara, na wewe una picha sita za WhatsApp. Kwenye picha ya nyuma unaona chuma kimetokeza chini ya bampa, kina kichwa cha mviringo kama mpira mdogo. Mafundi hukiita towbar. Muuzaji anasema, "Tuma arbuni leo, kuna mtu anakuja kesho." Je, chuma kile kikutie hofu?

Jibu letu kwa ufupi: chuma peke yake si sababu ya kuliacha gari. Ni sababu ya kuuliza maswali mawili: kimevuta nini, na kimevutia wapi? Mpaka upate majibu, pesa zako zikae kwenye simu yako.

Kwanza, kimefika vipi hapo?

Magari mengi yaliyotumika yanayoingia Kenya hutoka Japani, na huko gari dogo kuvuta trela si jambo la kawaida. Kwa hiyo ukikiona chuma hiki kwenye gari la Kijapani, huenda kimefungwa hapa nchini. Muulize muuzaji nani alikifunga na kwa kazi gani. Magari yaliyotoka Uingereza ni habari nyingine. Huko watu huvuta karavani za likizo, na gari linaweza kuwa limefanya kazi hiyo miaka kadhaa kabla ya kupanda meli.

Kipo pia chuma ambacho hakijavuta kitu. Wako wanaokifunga kwa urembo, au wakidhani kitalinda bampa. Tazama kile kichwa cha mviringo, ambacho kwa kawaida kina kipenyo cha milimita 50. Kikiwa bado na rangi yake, hakikufanya kazi sana. Kikiwa kimeng'aa na kulika upande mmoja, kimefanya kazi, na muuzaji asikuambie vingine.

Trela nayo ina ushahidi wake. Kenya trela husajiliwa peke yake na kupewa namba inayoanza na herufi Z. Muuzaji akikuambia alikuwa na trela, muulize iko wapi na ina uzito gani. Aliyeitumia kweli hujibu bila kufikiri.

Chumvi ndiyo adui mkubwa Pwani

Mtu wa Shela hahitaji kufundishwa habari ya chumvi. Anajua kwa nini mashine ya boti husafishwa kwa maji baridi kila ikirudi baharini. Sasa fikiria gari linaloshusha boti majini. Dereva anarudi kinyumenyume mpaka trela izame, na mara nyingi magurudumu ya nyuma ya gari nayo yanaingia. Breki na beringi zimepata moto njiani, ghafla zinatiwa kwenye maji ya chumvi. Chuma cha moto kikipoa, hewa ya ndani hunywea na maji huvutwa kupitia sili.

Gari lililovuta mchanga na saruji bara limechoka, lakini uchovu wake hupimika. Gari lililoshusha boti kila wiki linaweza kuwa safi juu na kuliwa chini. Ndiyo maana swali la "wapi" ni zito kuliko swali la "nini".

Fundi aangalie nini

Usimtegemee fundi wa muuzaji. Tafuta wako, mlipe ada yake kwa simu, na umwombe akurekodie video akiwa chini ya gari. Mpe orodha hii:

1. Mahali chuma kilipofungwa. Kiwe kimefungwa kwa bolti kwenye chesisi, si kuchomelewa ovyo kwenye bati. Atazame nyufa, matundu yaliyopanuka na kutu iliyovimba.

2. Dalili za kugongwa nyuma. Gari lenye chuma hiki likigongwa, pigo hupita kwenye chuma na kwenda moja kwa moja kwenye chesisi. Bampa inaweza kubaki nzima huku chesisi imepinda. Buti lifunguke na kufunga bila kulazimishwa, na nafasi za pembeni ziwe sawa kushoto na kulia.

3. Klachi, kwa gari la gia za mkono. Mwendo ukiwa wa polepole, aingize gia ya nne na akanyage mafuta. Injini ikipiga kelele na mwendo usiongezeke, klachi imekwisha.

4. Giaboksi, kwa gari la otomatiki. Kuvuta mzigo hupandisha moto, na moto huua oili. Oili ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, liache hilo gari. Klachi unaweza kubadilisha, lakini giaboksi ya otomatiki inaweza kumeza nusu ya bei uliyonunulia.

5. Difu, kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Afungue nati ya kujazia na achovye kidole. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Hapo hadithi ya "sijawahi kufika nalo baharini" imekwisha.

6. Springi na shoki za nyuma. Gari likisimama tupu huku nyuma imelala, limebeba kupita kiasi.

7. Nyaya za taa. Anayefunga plagi ya trela ovyo hukata waya za taa za nyuma na kuziunga kwa tepu. Ajaribu breki, indiketa na taa ya kurudi nyuma. Indiketa ikipepesa haraka kuliko kawaida, au waya zikiwa na ukungu wa kijani, kuna kazi ya umeme inayokungoja.

Kukiwa na kasoro zinazotengenezeka, kama bushi, klachi au nyaya, muombe fundi akupigie hesabu ya vipuri na kazi. Pesa hiyo itoke kwenye bei. Chesisi iliyopinda au difu yenye maji ya chumvi si ya kupunguziwa bei, shukuru, uage.

Ogopa zaidi kile kilichoondolewa

Muuzaji aliyeacha chuma mahali pake amekuachia shahidi. Mwenye kukuficha hukifungua, akapiga rangi nyeusi chini na kukuambia gari lilikuwa la mama wa nyumbani. Kwa hiyo hata kama hukioni kwenye picha, fundi atafute matundu ya bolti kwenye chesisi, bampa iliyokatwa kipande katikati, au waya zinazoning'inia bila kazi. Akikuta alama hizo na muuzaji hajakutajia, tatizo si chuma tena, ni huyo unayetaka kumtumia pesa.

Unaweza kumpima mapema kwa ujumbe kama huu: "Assalam aleikum ndugu yangu. Gari nimelipenda. Naomba picha za nyuma na za chini, na unijulishe kama lina towbar au liliwahi kuwa nayo, na lilivuta nini. Fundi wangu atakuja kulitazama kabla sijatuma chochote." Mwenye gari safi hakasiriki kwa ujumbe huo.

Pesa itoke lini, na iende kwa nani

Kabla ya arbuni, tafuta rekodi ya gari kwenye mfumo wa NTSA kupitia eCitizen. Rekodi inakuonyesha gari limesajiliwa kwa jina la nani. Ukikuta jina la benki au kampuni ya mikopo pembeni ya jina la mwenye gari, kuna deni, na gari halihami mpaka deni limalizwe.

Linganisha jina hilo na jina linalotokea kwenye simu unapotuma. Likiwa tofauti, simama. "Hiyo ni namba ya shemeji yangu" si maelezo ya kutosha kwa pesa ya gari.

Jua pia mipaka. Kwa M-Pesa, tangu Agosti 2023, muamala mmoja hauzidi KSh 250,000 na akaunti haibebi zaidi ya KSh 500,000. Gari la KSh 700,000 haliwezi kulipwa kwa mkupuo mmoja, na hapo ndipo wajanja hukwambia, "Tuma nusu kwa namba hii, nusu kwa ile." Usikubali. Kiasi kikubwa kilipwe kwenye akaunti ya benki yenye jina la mwenye gari.

Na hili tunaulizwa kila mara: huduma ya kurudishiwa pesa ipo kwa aliyekosea namba, haipo kwa aliyejuta. Ukiingiza PIN yako na kumtumia muuzaji uliyemkusudia, umelipa. Gari likigeuka kuwa changa la macho, ujumbe wa muamala utakusaidia kama ushahidi polisi au mahakamani, lakini sisi hatuwezi kuuvuta mkono wako nyuma.

Basi fuata mpangilio huu: fundi kwanza, rekodi ya pili, makubaliano ya maandishi ya tatu, kisha arbuni ndogo. Kwenye makubaliano andikeni namba ya gari, bei, kasoro zilizoonekana, na kama arbuni inarudi fundi akikuta tatizo. Salio litoke siku muuzaji anapoanzisha uhamisho wa umiliki na wewe umeuona kwenye akaunti yako ya eCitizen. Sheria ya trafiki inataka uhamisho ufanywe ndani ya siku 14 tangu gari liuzwe, kwa hiyo anayekuambia "tutahamisha mwaka ujao" anakuachia mzigo wake.

Ukishindwa kusafiri, mtume mtu unayemwamini Mombasa. Nauli na ada ya fundi ni pesa kidogo ukilinganisha na gari litakalokaa Mokowe juu ya mawe. Na kama fundi amelala chini ya gari, ametazama difu na chesisi, na akasema liko sawa, basi chuma kile kisikunyime usingizi. Siku moja huenda ukakihitaji wewe mwenyewe.