Je, Wajua? Maji ni Hatari kwa Mtungi wa Urani

Je, wajua kwamba maji ya kawaida ni miongoni mwa vitu vinavyoogopwa sana wakati mtungi wa urani unapokaguliwa upya?

Mtungi wa aina ya 30B hubeba hadi kilo 2,277 za heksafloridi ya urani iliyorutubishwa. Kila baada ya miaka 5 hujazwa maji kwa shinikizo kubwa ili kuthibitisha kwamba chuma chake bado ni imara.

Shida ni masalio. Mtungi unaohesabiwa kuwa mtupu unaweza kubaki na kilo 11.3 za kemikali hiyo. Maji hupunguza kasi ya nyutroni, na nyutroni za polepole hupasua atomi za urani-235 kwa urahisi zaidi. Urani ikitosha, mmenyuko wa mfululizo huanza.

Kwa hiyo mtungi hupimwa uzito, kisha huoshwa kwa maji machache kabla ya jaribio. Maji hayo huhifadhiwa katika vyombo vyembamba, ambamo nyutroni nyingi hutoroka. Kanuni kuu ni kwamba kosa moja pekee lisitoshe kuleta ajali.

Tokaimura, Japani, ilionyesha gharama ya kupuuza hayo. Tarehe 30 Septemba 1999, wafanyakazi walimimina myeyusho wenye takriban kilo 16 za urani katika tangi pana. Mmenyuko uliendelea kwa karibu saa 20, na wafanyakazi 2 walifariki baadaye. Ulikoma baada ya kuondolewa maji ya kupozea yaliyozunguka tangi, ambayo yalikuwa yakirudisha nyutroni ndani.