Ukikimbia jioni, pima sukari kabla ya kulala

Mtu anayechoma insulini anaweza kumaliza mbio za saa 12 jioni akiwa mzima kabisa, akaoga, akala kidogo, akalala. Saa 8 usiku shuka limelowa jasho, na mwenzake anadhani ni joto tu. Kumbe sukari imeshuka.

Msuli unaofanya kazi huvuta glukosi kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa kidogo, ndiyo maana mazoezi ni tiba kweli kwa mwenye kisukari. Lakini ukipumzika, msuli hauachi kuvuta: unajaza tena akiba iliyotumika, na kwa saa 24 hivi mwili huitikia insulini kuliko kawaida. Kwa asiye na kisukari, kongosho hupunguza insulini na ini hutoa sukari yake. Insulini iliyokwisha kuchomwa hairudi kwenye sindano. Wanaomeza glibenklamidi nao wajihadhari, kwa kuwa kidonge hicho hulilazimisha kongosho kutoa insulini. Anayetumia metformini peke yake ni nadra kufikwa na hali hiyo.

Basi pima kabla ya kutoka. Ikiwa chini ya 5 (kwa kipimo cha mmol/L), kula ndizi mbivu kwanza. Ikipita 14 na mkojo una ketoni, ahirisha, maana mwili umepungukiwa insulini na mazoezi yatazidisha ketoni. Na usichome pajani kabla ya kukimbia; paja likichemka, dawa hufyonzwa haraka.

Mbio fupi za kasi na kunyanyua vyuma huweza kupandisha sukari kwa muda, kwa sababu adrenalini huliamuru ini kuimwaga. Wengi hapo hukimbilia kuongeza dozi, na ninawasihi wasubiri, kwani saa chache baadaye huweza kushuka yenyewe.

Ukianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi au kuchanganyikiwa, na kipimo kiko chini ya 4, koroga vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari kwenye maji, unywe. Pima tena baada ya dakika 15. Chapati ije baadaye. Mafuta yake huichelewesha sukari kufika kwenye damu.

Haya yote si sababu ya kukaa kitako. Steve Redgrave, mpiga makasia wa Uingereza, aligundulika na kisukari mwaka 1997, akatwaa dhahabu yake ya tano ya Olimpiki huko Sydney mwaka 2000 huku akichoma insulini.

Siku uliyokimbia sana, pima kabla ya kulala; ikiwa chini ya 7, kula kidogo, na umuulize daktari wako kama dozi ya usiku ipunguzwe. Mwambie pia unayelala naye: akikuona unaweweseka na kulowa jasho, akuamshe, akupe maji ya sukari. Ukiwa huamki, asikumiminie chochote mdomoni. Akulaze ubavu, atafute gari la kukuwahisha hospitali.