Matamshi ya chuki: sheria husikiliza nini?

Kwenye kamusi, "madoadoa" ni neno lisilo na hatia. Kanga ana madoadoa, na ndizi iliyoiva sana vilevile. Lakini litamke jukwaani Eldoret mwaka wa uchaguzi, uone nani ataanza kufunga virago. Huku Bonde la Ufa limetumika kuwaita majirani wa makabila mengine, wale wanaoambiwa warudi "kwao". Mapigano ya kikabila ya 1992 na yale ya 2007 na 2008 hayakuacha shaka juu ya maana hiyo. Januari 1, 2008 kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji wa Eldoret, liliteketezwa huku waliokimbilia humo, wengi wakiwa kina mama na watoto, wangali ndani.

Ndiyo sababu Mithika Linturi, wakati huo seneta wa Meru, alikamatwa siku moja tu baada ya kulitamka neno hilo kwenye mkutano wa Eldoret Sports Club, Januari 8, 2022. Aliomba radhi, akasema hakuwa na nia ya kuchochea.

Nia ni muhimu, ila si yote. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya Kenya ya 2008 kinamgusa msemaji aliyekusudia kuchochea chuki ya kikabila. Kinamgusa pia yule ambaye maneno yake, kwa kuzingatia mazingira yote, yaelekea kuichochea. Mazingira hayo ni mahali, wakati, hadhira na historia yake. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 1, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Mwaka huohuo wa 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ya kuchunga, madoadoa yakiwemo. Kwangu mimi orodha hiyo ni ya msaada mdogo: ukipiga marufuku neno moja, mchochezi atabuni jingine kabla ya jua kutua.

Tena tusichanganye mambo. Kumwita gavana mwizi kunaweza kukuletea kesi ya kumharibia jina, lakini si matamshi ya chuki, maana hapo kabila halijaguswa. Kwa upande mwingine, sheria hiyo haimtazami mwenye kipaza sauti peke yake. Anayesambaza naye yumo, kwa hiyo ukiletewa ujumbe wa aina hiyo kwenye WhatsApp, usiutume mbele.