Utafiti wa Rutuba na Wenye Mashamba ya Kwale

Mtu atokaye Diani au Msambweni, katika pwani ya Kwale nchini Kenya, ambako kipimo cha mvua kwa mwaka mzima hupita milimita 1,000 na minazi na mikorosho hustawi juu ya mchanga, akaishika njia ya bara kuelekea Kinango hata Samburu, huikuta nchi ikikauka kadiri aendavyo, na mashamba ya mahindi, kunde na pojo yakitegemea masika na vuli ambazo huweza kuanza vyema zikakatika kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Udongo wa huko, aghalabu wa kichanga na haba wa mboji, haushiki maji wala mbolea, hata naitrojeni iliyotiwa leo huweza kuzamishwa na mvua moja kubwa mbali na mizizi.

Wataalamu hawakughafilika na jambo hili. Katika miaka ya 1990 taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, KARI, ambayo leo ni KALRO, ilifanya utafiti wa mimea ya jamii ya kunde kwa msaada wa Wakfu wa Rockefeller, na kituo cha Mtwapa kikaijaribu kwa ajili ya nchi za pwani. Katika vifundo vya mizizi ya kunde, mbaazi, fiwi na upupu huishi bakteria watwaao naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Majani yakifukiwa, sehemu ya chakula hicho huyafaa mahindi ya msimu ufuatao. Upupu usiowasha hufunika ardhi kwa majani mengi, na kwa mizani ya kituo unastahiki sifa. Lakini mbegu zake zina kemikali iitwayo L-dopa na haziliki ila kwa matayarisho ya taabu, ilhali kunde humpa mama wa nyumba mboga baada ya wiki chache tu, wakati ghala limekwisha na mavuno yangali mbali. Mkulima mwenye eka mbili akiuacha upupu akapanda kunde, hakukosa maarifa. Amepima kwa mizani pana kuliko ya mtafiti.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya kumwazima mkulima shamba lake na kumshirikisha. Huko Malawi, katika miaka hiyohiyo, Sieglinde Snapp na wenziwe walitumia mpango wa shamba mama na mashamba watoto: shamba mama husimamiwa na mtafiti, njia zote zikajaribiwa na kurudiwa ili hesabu isimame, na kando yake wakulima wengi hujaribu njia chache walizozipendelea, kwa jembe lao na palizi yao, wakatoa hukumu yao wenyewe. Kwa Kwale mpango wa namna hii una maana kubwa, maana hata katika boma moja ardhi si moja: karibu na zizi mahindi hunenepa, na pembe ya mbali, isiyoonja samadi kwa miaka, hutoa mabua membamba. Mwenye shamba huijua mipaka hiyo bila ya maabara, na mtafiti asiyemuuliza huenda akapima wastani wa shamba lisilokuwapo.

Ulizo la gharama nalo ni la mkulima. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku ulianza kuuzwa shilingi 2,500 mwaka 2023, bei nafuu kweli, lakini vuli ikikatika fedha hiyo hupotea pamoja na mbegu, na hasara haimfiki aliyetoa ushauri. Kwa hiyo mkulima wa nchi kavu ana haki ya kuchagua kiasi kidogo katika kila shimo, pamoja na samadi, hata kama mavuno ya mwaka mwema yatapungua.

Nakazia jambo moja ambalo hupuuzwa mno. Barazani aghalabu husema wanaume, ilhali palizi na uchumaji wa kunde ni kazi ya wanawake zaidi; basi wao waitwe tangu siku ya kuchagua swali la utafiti, kwa saa isiyogongana na kuchota maji, na baada ya mavuno hesabu ya kila shamba isomwe mbele yao kwa Kidigo na Kiduruma, kabla taarifa haijapelekwa Nairobi.